Komunike, odio na makala: nani alituambia kitu juu ya Nyiragongo?

Mniruhusu nianze na aibu yangu.

Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, mbele ya jua kutoka, simu zote za nyumbani kwetu Majengo zilianza kulia pamoja. Gavana wa kijeshi alikuwa ametoa tangazo: karitie kumi za mji wa Goma zihame, na Majengo ilikuwa ndani ya hizo kumi. Mama alisimama mlangoni, mtoto wa dada yangu mgongoni, bido ya maji mkononi. Akaniuliza:

"Weye njo ulisoma. Tuambie: tunaenda ao tunabakia?"

Nilikuwa na licence ya jeografia. Nilikuwa nimesoma kozi mbili juu ya volkano, nimefaulu zote mbili, moja hata kwa pointi nzuri. Nikajibu: "Ma, sijue." Akaniangalia kidogo, bila hasira. "Sasa ulisomaka nini?"

Tukaenda, juu kila mtu alikuwa anaenda. Tulifunga godoro, sufuria mbili na karatasi za shule ndani ya kitambaa, tukashika barabara ya Sake kwa miguu. Lile swali nilitembea nalo njia yote, na ukweli ni kwamba mpaka leo sijalishusha.

Hapa kwenye ukurasa wetu tumezoea kuandika kwamba shida ya sayansi katika Congo ni pesa. Si uongo, na nitafika huko. Lakini leo nataka kufanya kazi ingine, ya kusoma tu. Nachukua aina tatu za maneno tuliyoyapata juu ya ule mlima: komunike, odio za WhatsApp na makala ya wanasayansi. Nazisoma kama vile mwalimu wa fasihi anasoma hadithi: nani anasema, anasema na nani, kwa luga gani, na anaficha nini. Nafikiri tukisoma hivyo tutaona kwamba kilichokosekana Goma si habari. Kilikosekana kitu kidogo sana, neno moja.

Kwanza nikumbushe yaliyotokea, maana wengi wenu mlikuwa Bukavu, Kisangani, Lubumbashi. Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jioni, Nyiragongo ilipasuka. Mbingu ikawa nyekundu. Hakukuwa na king'ora wala tangazo mbele ya ule wekundu. Watu waliona, wakakimbia. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi, wengine walielekea Sake. Mto wa moto ulikata barabara ya Rutshuru, ukala nyumba maelfu katika teritware ya Nyiragongo, ukasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Asubuhi wengi tulirudi nyumbani tukidhani imeisha. Kisha inchi ikaanza kutetemeka, mchana na usiku, siku kwa siku, kuta zikipasuka, mpaka lile tangazo la tarehe 27. Watu mamia ya maelfu waliondoka. Tarehe 7 mwezi wa sita Waziri wa Kwanza Sama Lukonde akasema watu wanaweza kuanza kurudi.

Sasa tusome.

Komunike tunaijua wote. Ni karatasi moja, Kifaransa, namba juu, kashe na sinyatire chini. Inatufikia ikiwa foto iliyopigwa kwa upande, kona moja imekatika, na kila mtu anaikuza kwa vidole viwili kutafuta mahali palipoandikwa jina la karitie yake. Mimi nilisoma komunike nyingi za siku zile na za miaka iliyofuata, na nimeona zinafuata njia ileile. Sentensi ya kwanza inataja vyeo. Ya pili inasema kazi ya mlima "inaendelea kufuatiliwa". Ya tatu ina maneno ya kiufundi, mawili ao matatu, bila kueleza hata moja. Ya mwisho inaomba wakaaji wawe watulivu.

Hapo njo penye ugonjwa. Kuomba mtu atulie si kumpa habari. Ni kumpa amri juu ya moyo wake. Mama yangu hakuuliza kama anapaswa kuogopa, kuogopa anajua mwenyewe bila msaada. Aliuliza aende ao abakie. Komunike ilijibu swali ambalo yeye hakuuliza, tena kwa luga ambayo yeye hasomi.

Halafu kuna zile rangi. Kisha 2002 mji ulipewa rangi nne za onyo: kijani, njano, orange, nyekundu. Zikawekwa kwenye vibao. Wazo zuri, hata asiyesoma anaelewa rangi. Lakini muulize mtu wa Goma njano ina maana gani, atakwambia: "Njano ni siku zote." Nilikua chini ya njano, nilipata diplome ya Leta chini ya njano. Rangi inayokaa miaka inakuwa kama rangi ya ukuta, hakuna anayeiangalia tena. Simlaumu aliyeiweka: mlima ule kweli ni wa hatari kila siku, na kuweka kijani ingekuwa uongo. Lakini hakuna aliyekuja karitie kutueleza kwamba njano haina maana "tutawaambia mbele". Sisi tulielewa hivyo. Tulifikiri kuna ngazi: kutatoka njano, kutakuja orange, tutafunga vitu, kisha nyekundu, tutaenda. Tarehe 22 tulitoka njano tukaingia ndani ya moto.

Nisiwe mkali bila haki: lile tangazo la tarehe 27 lenyewe, ukilisoma vizuri leo, lilikuwa na ujasiri. Lilisema mawe ya moto yako chini ya mji na yanaelekea chini ya ziwa, na kwamba mlipuko mwingine unaweza kuja bila dalili ao na dalili kidogo sana. Yaani kwa mara moja wakubwa walikubali kusema mbele ya watu wote kwamba hawana uhakika. Lakini lilitoka usiku, likachelewa kwa watu waliokuwa wametetemeshwa siku tano, na mpaka lilipofika kwetu kwa midomo ya majirani lilikuwa limebakia na neno moja: mukimbie.

Tuje kwa odio. Wasomi tunapenda kuzicheka, na mimi nilicheka. Lakini kama ningekuwa natoa pointi za uandishi, odio ingepata nyingi kuliko komunike. Ninayokumbuka zaidi ilidumu kama dakika tatu. Sauti ya mwanaume, ya mtu mzima, Kiswahili chetu cha Goma, hakuna haraka. Alianza kwa kusalimia: "Bandugu, musikilize muzuri." Akasema yuko na ndugu anayefanya kazi na wazungu wa volkano. Akasema saa: saa nane ya usiku ziwa litafunguka, gazi itatoka, kila mtu atalala asiamke. Akasema cha kufanya: mupande juu, musiende pembeni ya maji. Akamaliza kwa kutuombea.

Angalieni alivyojenga. Anasalimia. Anaonyesha alikotoa habari. Anatoa saa, anatoa mahali, anatoa kazi ya kufanya. Anatuhurumia. Kila kitu alichokisema kilikuwa uongo, saa nane ilipita na ziwa lilikaa pale. Lakini uongo wake ulikuwa na mwili wa habari ya kweli, wakati habari ya kweli ilikuwa imevaa mwili wa barua ya biro. Na kumbukeni, uongo huo ulikuwa na punje ya kweli ndani: chini ya ziwa Kivu kuko gazi mingi sana, kabonike na metani, na mwaka 1986 ziwa Nyos kule Kamerun lilitoa gazi likaua watu kama 1,700 usiku mmoja. Mwenye odio alichukua jambo ambalo wanasayansi wenyewe wanalijadili, akaondoa neno "labda". Basi. Ile "labda" njo ilikuwa sayansi yenyewe.

Sitasema watu wa mtaani ni wajinga kwa kumwamini. Tulishaona vile mambo yanaenda Beni na Butembo wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Waganga walikuja na chanjo nzuri, Profesa Muyembe na wengine walikuwa na ujuzi wa miaka zaidi ya arobaini, tangu Yambuku 1976. Lakini mwezi wa kumi na mbili 2018, watu wa Beni na Butembo waliambiwa hawatapiga kura ya prezida pamoja na wengine, na ugonjwa ukatajwa kati ya sababu. Kutoka siku ile, jaribu wewe kumweleza mama wa Butembo kwamba Ebola haina siasa. Mtu anayetumia jina la sayansi kwa mambo mengine anaichafua hata kwa wale wanaoitumia vizuri. Nafunga mabano.

Maandishi ya tatu yalinifikia kwa kuchelewa sana. Makala ilitoka mwaka 2022 katika jarida Nature, mwandishi wa kwanza ni Delphine Smittarello, na pamoja naye watafiti wengi, Wakongomani wakiwemo. Mimi niliipata mwaka uliofuata, rafiki aliye Ulaya alinitumia. Ni Kiingereza. Ilinichukua juma mbili, kamusi na bundle tatu za intaneti.

Nataka niwaambie ilivyonifanya, maana sikuitegemea. Nilianza kuisoma kama mtu anayetafuta mwizi. Kama wengi Goma, niliamini kwamba walijua wakatuficha. Nikakuta makala inasema kinyume. Mwaka 2021, kuzunguka Nyiragongo kulikuwa na vyombo vya kupima matetemeko ambavyo havikuwepo miaka ya nyuma, mtandao mzima uliowekwa kwa ushirikiano wa Observatware ya Goma na watafiti wa Ubelgiji na Luksemburgi. Kulikuwa na satelaiti. Na ndani ya data hizo zote, hata walipozirudilia kisha tukio, kwa utulivu, na kompyuta nzuri, hawakuona dalili wazi mbele ya mlipuko. Ishara za kweli zilianza chini ya saa moja mbele ya moto kutoka. Sababu yake wanaieleza hivi: ziwa la moto lilikuwa limepanda ndani ya kreta kwa miaka, moto ulikuwa tayari uko juu, karibu. Haukuhitaji kupanda kutoka chini kwa kelele. Ubavu wa mlima ulichoka, ukapasuka, ukamwaga.

Nikarudilia ukurasa ule mara nne. Hawakutuficha. Hawakujua, na hakuna ambaye angejua.

Na bado kuna sehemu ya pili. Yale matetemeko ya juma nzima, yaliyopasua ukuta wa chumba changu, yalikuwa ni moto ukitembea chini ya inchi, chini ya Goma, chini ya Gisenyi, mpaka chini ya ziwa, mita mia chache tu chini ya miguu yetu. Siku saba. Haukutoka. Mama alikuwa anapika maharagi juu yake.

Sasa njo ninauliza, kama msomaji: makala hii iliandikiwa nani? Si vibaya kuandikia wenzako, kila kazi iko na luga yake. Fundi wa gari hanielezei kila bolti. Lakini habari kubwa kuliko zote kwa mtu wa Majengo iko ndani ya makala ile, nayo ni hii: huu mlima unaweza kupasuka bila kuaga. Mtu akijua hivyo, anaishi tofauti. Hangojei rangi. Anapanga leo njia ya kupita, anakubaliana na watoto mahali pa kukutana wakipotezana, na karatasi zake zinakaa ndani ya mfuko mmoja karibu na mlango. Watoto wangapi walipotea wazazi wao usiku wa tarehe 22? Hawakupotea juu ya kukosa satelaiti.

Linganisheni na 2002, na hapa kuna jambo linalonikera kila nikilifikiri. Mwaka ule, wakati wa vita, Goma ikiwa mikononi mwa waasi wa RCD, Observatware ilikuwa na vyombo viwili tu vya matetemeko vinavyotembea. Viwili. Na mtu wetu, Dieudonné Wafula, aliona kwamba mlima unajitayarisha. Alionya wakubwa, aliandikia wataalamu wa nje kwa imeli. Hawakumsikiliza. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto ulipita katikati ya mji, ukafunika kama asilimia 13 ya Goma, katedrali ikaenda, sehemu kubwa ya biashara ikaenda, ukaingia ziwani.

Mnaona? Mara moja tulikuwa na mtu anayejua na hakuna anayesikia. Mara ingine tulikuwa na mji mzima unaosikiliza na hakuna anayejua. Mara zote mbili mtu wa karitie alipata jambo lilelile: kimya, kisha mbio. Ukiwa mbali unaweza kusema tatizo la kwanza ni siasa na la pili ni asili. Mimi naona la tatu, lililo kati ya hayo: hakuna barabara ya kawaida kati ya Observatware na nyumba, barabara inayotembewa hata siku ambayo hakuna habari. Imeli ya Wafula ilipita juu ya vichwa vyetu kwenda Ulaya. Data ya 2021 vilevile ilipita juu ya vichwa vyetu, ikarudi ikiwa Kiingereza.

Nilisema nitafika kwa pesa. Mwaka 2020 msaada wa Benki ya Dunia kwa Observatware uliisha, na kwa miezi hata intaneti ya kuleta data kutoka vituoni ilikatika. Ni aibu ya Leta, inchi yenye kobalti inayoshindwa kulipa intaneti ya mlima unaoangalia mji wa watu zaidi ya milioni moja. Lakini makala imenifundisha nisiikimbilie haraka hii sababu. Hata intaneti ingekuwa nzuri, tarehe 22 tungepata labda dakika kumi za kujua. Na dakika hizo kumi zingepita wapi? Zingeandikwa Kifaransa, zingetafuta kashe.

Njiani kwenda Sake nilijifunza kitu ambacho sikukielewa siku ile. Usiku ulitukuta karibu na Mugunga. Watu walikuwa wengi pembeni ya barabara, mvua imenyesha, mama akaona shimo kidogo lenye majani, lisilo na upepo, akataka kulaza mtoto pale. Bibi mmoja wa pale, hatukumjua, akatupigia kelele: "Hapana! Hapo kuko mazuku!" Akatuonyesha majani yaliyokauka chini, akasema mbuzi wake wawili walifia mule asubuhi moja. "Mulale huku juu, fasi upepo inapita. Na mutoto asilale chini kabisa."

Nilikuwa nimesoma mazuku darasani. Gazi kabonike, nzito kuliko hewa, inatoka ndani ya inchi, inajaa mashimoni, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Nilijua hata kwamba wanasayansi wa dunia nzima wanaandika neno hilohilo, mazuku, ndani ya makala zao za Kiingereza na Kifaransa, walilichukua kwetu. Nilijua yote hayo na nilikuwa nimesimama pembeni ya shimo, nimeshika godoro. Yule bibi alitupa kwa sentensi nne: hatari iko wapi, dalili yake ni nini, ushahidi wake ni upi, tufanye nini. Tena bila kututisha na bila kutuambia tuwe watulivu. Komunike nzuri kuliko zote nilizozisikia mwaka ule ilitoka kwake.

Sayansi ilichukua neno kwa watu kama huyu bibi. Nauliza imemrudishia nini. Kibao kimoja cha fuvu la kichwa, penye bahati.

Na hapa lazima niache kupiga wazungu na wakubwa, nijipige mwenyewe. TFC yangu ilikuwa juu ya namna wakaaji wanavyoona hatari ya volkano. Nilipita nyumba sitini na karatasi za maswali. Watu walinipokea. Wengine walinipa kiti wakabakia wamesimama. Mama mmoja muuza makala, yaani makala ya kupikia, si ya kusoma, aliacha wateja wake wamalize kungoja ili anijibu. Akaniuliza: "Utatuletea majibu lini?" Nikasema karibuni. Nilitetea kazi, nikapata distinction, tukanywa sukari na familia, na nakala tatu ziko ndani ya kabati ya fakilte, zimefungwa kwa plastiki. Kwa yule mama sikurudi. Katika mji wetu watu wanatuita "bale ba fishi". Tunakuja na fishi, tunaandika, tunaondoka. Tukilalamika kwamba Tervuren na Luksemburgi wanakusanya data kwetu wakachapishia kwao, tuseme pia kwamba sisi tunakusanya Majengo tukatetea mjini. Ni njia ileile, ni fupi tu.

Najua mtaniambia nini, maana nilishaongea na wenzangu. Kwanza: Kiswahili hakina maneno. Pili: ukiwaambia watu "hatujui" wataingia woga. Tatu: mtafiti hana ruhusa ya kusema, anasema mwenye cheo. Hili la tatu ni la kweli na ni zito. Chini ya utawala wa kijeshi mtu alikuwa anaangalia mdomo wake, na siwezi kumwambia asistanti asiyelipwa aende kuwa shujaa. La pili nalikataa kabisa. Goma haikuingia woga kwa kuambiwa "hatujui". Iliingia woga kwa kuambiwa "mtulie", kisha "mukimbie", bila kitu katikati.

La kwanza, la maneno, nililijaribu mwenyewe nyumbani. Baada ya kumaliza makala ile nilikaa na mama jikoni, nikasema leo nitajibu lile swali lake. Nikaanza vibaya, na "magma", na "presyo", akawa anachambua sombe bila kuniangalia. Nikasema basi ma, ni hivi: moto ulikuwa umeshapanda juu ndani ya mlima, umejaa, miaka mingi. Ubavu ukapasuka. Hakukuwa na kelele mbele.

Akasimamisha mikono. "Kama bido," akasema. "Bido yenye kujaa, yenye kuzeeka. Inapasukaka kando. Haikuambiake."

Nilikuwa nimeshinda juma mbili na kamusi. Akaendelea: "Kumbe bo pia hawakujua?" Nikasema hawakujua. Akakaa kidogo. "Basi si bangesema tu." Halafu akauliza swali ambalo mtahini wangu hakuniuliza: je, bido ya sasa imejaa kiasi gani? Nikamweleza kwamba ziwa la moto lilimwagika lote mwaka ule, na kwamba njo kitu cha kwanza wataalamu wanaangalia sasa, kama linarudi na linapanda. Akasema sasa hiyo njo wangekuwa wanatuambia kila mwezi, kwa radio, kama vile wanasemaka bei ya dola.

Juma lililofuata, jirani wetu wa likelemba alinisimamisha barabarani. Alikuwa ameshasikia habari ya bido. Lakini alikuwa ameisikia hivi: wataalamu wamesema volkano haiwezi kujulikana hata kidogo, kwa hiyo kusikiliza radio ni bure. Nikamwambia hapana, si hivyo. 2002 dalili zilikuwako na kuna mtu aliziona. Ni 2021 njo hazikuonekana, juu moto ulikuwa tayari uko juu. Tukasimama pale karibu saa moja, wanamoto wakitupigia honi. Mwishoni alisema nije niseme hayo siku ya mkutano wao, juma ya pili, saa tisa, na nisije na karatasi.